Kumbukumbu baada ya upasuaji wa kifafa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mgonjwa anayeambiwa kwamba kifafa chake kinaweza kutibiwa kwa upasuaji huuliza kwanza kama atapona, na muda si mrefu, mara nyingi kwa sauti ya chini, huuliza kama atabaki na akili zake. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu swali hilo la pili. Hayachukui nafasi ya mazungumzo na daktari wako, ambaye amekwisha kuziona picha za ubongo wako, lakini yanaweza kukusaidia kuyaelewa atakayokuambia.

Ni upasuaji gani hasa unaogusa kumbukumbu?

Si kila upasuaji wa kifafa. Duniani kuna watu takriban milioni 50 wenye ugonjwa huu, na inakadiriwa kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila mishtuko wakipata dawa zinazofaa na kuzitumia ipasavyo. Daktari huanza kufikiria upasuaji kwa mgonjwa ambaye amejaribu angalau dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa kipimo cha kutosha, na bado anaanguka au anazubaa. Kwa watu wazima wa aina hiyo, chanzo kinachopatikana mara nyingi zaidi ni sehemu ya ubongo iliyolala nyuma ya panja, yaani kati ya jicho na sikio. Hapa tutaiita ubongo wa panjani.

Wenye kifafa cha sehemu hiyo huwa na dalili ambazo jamaa zao wanazijua vizuri. Kuna hisia ya ajabu inayopanda kutoka tumboni hadi kooni, au mgonjwa anahisi kwamba jambo linalotokea sasa lilikwisha kutokea zamani. Kisha anazubaa, anatafunatafuna mdomo usio na kitu, anachezea vifungo vya shati, na baada ya dakika moja au mbili anauliza kumetokea nini. Daktari wa upasuaji anapoitoa sehemu ya mbele ya ubongo wa panjani, kwa kawaida huitoa pamoja na hipokampasi, na hapo ndipo suala la kumbukumbu linapoanzia.

Hipokampasi ni kitu gani?

Ni kipande kidogo cha ubongo kilichojikunja kama samaki aitwaye farasi wa baharini, na ndiye aliyekipa jina hilo kwa Kigiriki. Kila mtu anazo mbili, moja kila upande. Kazi yake ni kulishika jambo jipya na kulifanya lidumu: alichokuambia jirani asubuhi, ulipoacha funguo, jina la mgeni uliyekutana naye msibani. Mambo ya zamani yaliyozoeleka, pamoja na ustadi wa mikono kama kusuka ukili au kuendesha baiskeli, hutegemea zaidi sehemu nyingine za ubongo.

Kwa wagonjwa wengi wanaopasuliwa, hipokampasi ya upande unaosababisha mishtuko huwa tayari imesinyaa na kuwa na kovu. Baadhi yao waliwahi kupata degedege la muda mrefu la homa utotoni. Hata hivyo, watoto wengi wanaopata degedege la homa hawapati kifafa, kwa hiyo mzazi asiichukue sentensi hii kama hukumu.

Je, nitawasahau watoto wangu, jina langu au lugha yangu?

Hapana. Upasuaji wa upande mmoja, kwa mgonjwa aliyepimwa vizuri na ambaye hipokampasi yake ya upande wa pili inafanya kazi, haumfanyi mtu asijijue wala asiwajue watu wake. Mabadiliko yakitokea, kwa kawaida yanahusu mambo mapya. Mke anamwambia mumewe asubuhi apitie sokoni alete nazi mbili, vitunguu na dagaa, na jioni mume anarudi na nazi tu, akiwa hana habari kwamba kulikuwa na kitu kingine. Hilo linaweza kuwa kero kubwa ndani ya nyumba na halipaswi kudharauliwa, ila halifanani kabisa na hofu ambayo wagonjwa wengi huja nayo.

Mbona nimesoma habari za Mmarekani aliyepasuliwa kifafa akapoteza kumbukumbu yote?

Habari hizo ni za kweli, na zinastahili kuelezwa kwa ukamilifu kwa sababu kipande cha habari hutisha kuliko habari nzima.

Mtu huyo aliitwa Henry Molaison, aliyezaliwa mwaka 1926 katika jimbo la Connecticut. Alianza kupata mishtuko midogo akiwa mtoto, na ile mikubwa ilimwanza katika ujana. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27 na dawa zikiwa zimeshindwa, daktari William Scoville alimpasua mjini Hartford na kuondoa hipokampasi na tishu za jirani pande zote mbili. Wakati huo hakuna aliyejua kazi ya hipokampasi. Mishtuko ilipungua sana, lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza tena kushika kwa kudumu tukio lolote jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyekuwa akisafiri kutoka Montreal kwenda kumpima, alilazimika kujitambulisha upya kila walipokutana.

Hata hivyo, aliyakumbuka maisha yake ya utotoni, alizungumza vizuri, na kipimo chake cha akili kilikuwa cha kawaida au zaidi kidogo. Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomvuruga kila anayeijaribu mara ya kwanza. Siku baada ya siku Molaison aliichora vizuri zaidi, ingawa kila siku alisema hajawahi kuifanya. Mikono ilijifunza na mwenyewe hana habari. Kutokana na uchunguzi huo, ambao Scoville na Milner waliuchapisha mwaka 1957, dunia ilijifunza kwamba kumbukumbu si kitu kimoja, na Scoville mwenyewe akawaonya madaktari wenzake wasiurudie upasuaji wa pande zote mbili. Molaison alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 82.

Kwa hiyo unapoisikia habari yake, uliza: pande ngapi? Yake zilikuwa mbili. Upasuaji unaopendekezwa leo ni wa upande mmoja, na sababu ya vipimo vingi vinavyoutangulia ni kuhakikisha kwamba upande unaobaki unaweza kubeba mzigo. Somo hilo nalo lilipatikana kwa gharama: huko Montreal, Milner na daktari Wilder Penfield walikutana na wagonjwa wachache waliopasuliwa upande mmoja tu wakapata usahaulifu mkubwa, na ikabainika kwamba upande wao wa pili ulikuwa umeharibika tangu awali bila mtu kujua.

Kuna tofauti kati ya kupasuliwa kushoto na kulia?

Ipo, na ni kubwa. Kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo, na hii ni kweli hata kwa wengi wa wanaotumia mkono wa kushoto. Hipokampasi ya upande huo ndiyo inayosaidia zaidi kushika maneno: maagizo, hadithi, majina, alichosema mwalimu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kumbukumbu ya maneno ilipungua kwa takriban wagonjwa 44 katika kila 100 waliopasuliwa panja la kushoto, na kwa takriban 20 katika kila 100 waliopasuliwa la kulia. Upande wa kulia unahusishwa zaidi na sura, michoro na njia za kupita, ingawa matokeo yake hayajanyooka kama yale ya kushoto.

Neno "ilipungua" hapa lina maana ya kupungua kwenye kipimo. Wapo ambao alama zao zilishuka na nyumbani hakuna aliyeona tofauti, na wapo walioshuka kidogo tu wakalemewa, kwa kuwa kazi yao yote ni maneno.

Daktari amesema kumbukumbu yangu ni nzuri, kisha akanionya kwamba niko hatarini zaidi. Hii imekaaje?

Hili ndilo jambo ambalo wagonjwa wengi hulisikia kinyume, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuelezwa mapema kuliko yote. Ukikata tawi lililokauka, mwembe haupungukiwi na embe hata moja. Ukikata tawi linalozaa, utaona pengo msimu unaofuata. Hipokampasi iliyosinyaa na kujaa kovu kwa miaka mingi mara nyingi imeshaacha kazi, na kazi yake imehamia kwingine au imepotea zamani, kwa hiyo kuiondoa hakubadilishi mengi. Hipokampasi inayoonekana nzima kwenye picha ya MRI, kwa mtu ambaye kifafa kilimwanza ukubwani na ambaye hukumbuka vizuri, bado inafanya kazi, na ikitolewa kazi hiyo inaondoka nayo.

Mwenye hatari kubwa zaidi, basi, ni yule atakayepasuliwa kushoto, ambaye picha yake haionyeshi kovu, na ambaye kumbukumbu yake ya maneno ni nzuri kabla ya upasuaji. Kwake yeye uamuzi ni mgumu kwelikweli, na hapaswi kuharakishwa. Mwenye kumbukumbu dhaifu tayari huwa na kidogo cha kupoteza, lakini naye ana tatizo lake, kwa kuwa kile kidogo alichonacho kikipungua anaweza kushindwa mambo ya kila siku.

Nikikataa upasuaji, kumbukumbu yangu itabaki salama?

Hakuna anayeweza kukuahidi hivyo. Kifafa kisichodhibitiwa nacho huila kumbukumbu, polepole, mwaka hadi mwaka, na tafiti zilizowafuatilia wagonjwa kwa muda mrefu zimeonyesha kwamba waliopona mishtuko baada ya upasuaji waliweza kutengemaa na hata kurudisha sehemu ya walichopoteza, ilhali ambao mishtuko iliendelea walizidi kushuka. Hali mbaya kuliko zote ni kupasuliwa na mishtuko isikome, kwa sababu mgonjwa hupungukiwa mara mbili.

Kuna na hatari nyingine ambayo familia hazipendi kuitaja. Kila mwaka, takriban mtu mzima 1 katika kila 1,000 wenye kifafa hufariki ghafla kwa sababu ya ugonjwa huo, na wenye mishtuko mikubwa ya mara kwa mara wako juu zaidi ya wastani huo. Katika jaribio lililofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2001, wagonjwa 80 waligawanywa kwa kura, nusu wapasuliwe na nusu waendelee na dawa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya kundi la upasuaji hawakuwa na mishtuko ya kupoteza fahamu, na katika kundi la dawa pekee walikuwa asilimia 8.

Huenda ni dawa tu zinazonisahaulisha?

Inawezekana kabisa, na ni swali la kuuliza kabla ya upasuaji na baada yake. Fenobabitali, ambayo hutumiwa sana kwetu kwa sababu ni ya bei nafuu, inaweza kuifanya akili iwe nzito. Topirameti inajulikana kwa kumkwamisha mtu katikati ya sentensi akilitafuta neno. Kutumia dawa tatu kwa pamoja huzidisha tatizo. Lakini usiipunguze dawa kwa hiari yako ili uone kama utachangamka, maana mshtuko mmoja mrefu unaweza kukudhuru kuliko usahaulifu uliokuwa ukiukimbia.

Kumbukumbu hupimwaje, na kwa lugha gani?

Mwanasaikolojia husoma orodha ya maneno, kwa mfano maneno 15 ya kawaida kama ungo, barua, mbuzi, chumvi, na mgonjwa huyarudia anayoyakumbuka. Orodha husomwa tena mara kadhaa ili kuona anavyojifunza. Kisha anapewa kazi nyingine kabisa, na baada ya nusu saa hivi anaulizwa ghafla: yale maneno ya mwanzo, umebaki na yapi? Hapo ndipo hipokampasi inapojulikana. Kuna pia hadithi fupi ya kusimulia upya, michoro ya kuchora kutoka kichwani, na picha za vitu vya kutaja majina.

Kuhusu lugha, usione haya kusisitiza. Mgonjwa anayeota, kuhesabu fedha na kugombana kwa Kiswahili akipimwa kwa orodha ya Kiingereza, kinachopimwa ni Kiingereza chake. Ukipelekwa India au kwingineko kwa matibabu, omba kipimo kifanywe kwa Kiswahili na mtu anayekijua, na uondoke na nakala ya matokeo. Nakala hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu wastani wa alama uliotengenezwa kwa watu wa nchi nyingine hautufai sana, na kipimo cha haki zaidi ni kukulinganisha wewe wa leo na wewe wa kabla ya upasuaji.

Nimeambiwa nitafanyiwa kipimo cha Wada. Ni nini hicho?

Kina jina la daktari Juhn Wada, aliyekibuni. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa damu hadi ule unaolisha upande mmoja wa ubongo, na dawa huingizwa ili upande huo ulale kwa dakika chache. Katika dakika hizo mgonjwa, ambaye yuko macho, huulizwa maswali na kuonyeshwa vitu. Akiamka kikamilifu huulizwa aliona nini. Kwa njia hiyo madaktari wanajua lugha iko wapi na kama upande utakaobaki unaweza kushika kumbukumbu peke yake. Siku hizi hospitali nyingi hutumia picha za MRI za ubongo unaofanya kazi, na kipimo cha Wada hubaki kwa wagonjwa ambao hali zao zina utata.

Mama yangu anakijua kitu lakini jina halitoki. Je, huo nao ni usahaulifu?

Ni ndugu yake wa karibu. Anakishika kifumbu mkononi, anajua ni cha kuchujia tui, anaweza hata kukuonyesha kinavyokamuliwa, lakini mdomoni linatoka "lile… la nazi". Mapitio yale ya 2011 yaliikuta hali hii kwa takriban mgonjwa 1 katika kila 3 waliopasuliwa kushoto. Haimaanishi kwamba maana imepotea. Mpe nafasi alizungushe neno kwa maelezo, na mkisaidia, mtajieni silabi ya kwanza badala ya kummalizia sentensi mbele ya wageni.

Mimi nimehifadhi Qur'ani. Je, nitapoteza nilichohifadhi?

Kilichohifadhiwa tangu utotoni na kurudiwa kila siku kwa miaka mingi huwa kimeenea mbali zaidi ya hipokampasi, na kwa kawaida ndicho kinachosalia vizuri. Kinachoweza kuwa kigumu ni kuhifadhi kipya, na huenda murajaa ikahitaji marudio mengi zaidi kuliko zamani. Mweleze mapema mwanasaikolojia anayekupima kwamba kuhifadhi ni sehemu ya maisha yako, kama vile mwanasheria, mwalimu au mwanakwaya angeeleza kazi yake, kwa sababu uzito wa hatari haupimwi kwa alama tu.

Mabadiliko huonekana lini?

Wiki za mwanzo si za kuhukumu chochote. Ubongo una uvimbe, kichwa kinauma, usingizi hauna mpangilio, na mgonjwa huchoka kwa mazungumzo ya dakika kumi. Kipimo cha maana hurudiwa baada ya miezi kadhaa, mara nyingi kati ya miezi 6 na mwaka. Mishtuko ikiwa imekoma, kwa kawaida hali ya wakati huo haiporomoki zaidi, na wengine hupata nafuu katika mambo ambayo upande mzima ulikuwa ukisumbuliwa na mishtuko ya upande mbovu.

Katika kipindi hichohicho baadhi ya wagonjwa hupatwa na huzuni nzito au wasiwasi, hata wale waliopona mishtuko. Huzuni huifanya kumbukumbu ionekane mbovu kuliko ilivyo, tena inatibika, kwa hiyo itajwe kliniki bila kusubiri kuulizwa.

Kwa watoto je?

Ubongo wa mtoto una uwezo mkubwa zaidi wa kuhamishia kazi kwingine, na watoto wengi hurudisha walichopoteza ndani ya mwaka mmoja hivi. Mwalimu wa darasa aelezwe, ili mtoto asichapwe kwa kusahau.

Kuna njia isiyogusa kumbukumbu kabisa?

Bado. Ipo njia ya leza, ambapo uzi mwembamba huingizwa kupitia tundu dogo la fuvu na kuunguza hipokampasi pekee bila kuondoa sehemu ya nje ya panja. Inaonekana kulinda vizuri zaidi uwezo wa kutaja majina, ila nafasi ya kuondokana na mishtuko ni ndogo kidogo kuliko ya upasuaji wa kawaida.

Je, upasuaji huu umewahi kufanyika Afrika Mashariki?

Ndiyo. Matokeo ya wagonjwa wa kwanza waliopasuliwa panja katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, yalichapishwa mwaka 2009, na yalionyesha kwamba kazi hii inawezekana hata pasipo mitambo yote ya nchi tajiri. Kwa wagonjwa wetu wengi kikwazo huanza mbali kabla ya chumba cha upasuaji, yaani kufika kliniki na kupata dawa bila kukatika. Hapo Tanzania ina historia ya kujivunia: kliniki ya kifafa ya Mahenge ilianzishwa na daktari Louise Jilek-Aall mwaka 1960, wakati wagonjwa wakitengwa kwa kuogopwa kwamba wataambukiza.

Tumsaidieje nyumbani?

Acheni kwanza ile kauli ya "si nilikuambia jana?". Alipoambiwa alisikia, akaitikia, na halikukaa. Jambo likiandikwa linakuwa la kuonekana badala ya la kubishaniwa: daftari moja tu, lisiwe matatu, likae mahali pamoja siku zote, na simu iwekewe kengele. Mwenye duka aliyekuwa akiweka madeni ya mtaa mzima kichwani aanze kuyaandika mbele ya mkopaji, na hakuna atakayeshangaa, kwani wenye maduka wengi huandika.

Ni vizuri mazoea haya yaanze kabla ya upasuaji, wakati kujifunza bado ni rahisi. Funguo zipate msumari wake ukutani. Maagizo marefu yakatwe, moja limalizike ndipo la pili litolewe.

Nikipona, nitaacha dawa na hilo la kusahau vidonge litakwisha?

Sio mara moja. Dawa huendelea baada ya upasuaji, mara nyingi kwa mwaka mmoja au miwili kabla daktari hajafikiria kuzipunguza, na wengine huhitaji kuendelea na kiasi fulani. Kwa mtu aliyepungukiwa kumbukumbu, dozi iliyosahauliwa na dozi iliyomezwa mara mbili zote ni hatari. Tumia kisanduku chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku, na kila kimoja kigawanywe asubuhi na jioni. Kijazwe Jumapili mbele ya mtu wa pili. Ukisimama katikati ya chumba huku hujui kama umemeza au la, usijaribu kukumbuka, kitazame kisanduku: chumba cha leo asubuhi kikiwa kitupu, umemeza.